Akirudisha Jembe Anakuwa Mgeni Tena

Methali ya "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" tulifundishwa katika mwaka wa kwanza. Tuliieleza vizuri katika mtihani: mgeni asibweteke, ashiriki kazi za mwenyeji wake, na kwa njia hiyo ahesabiwe kuwa mtu wa nyumbani. Wengi wetu tulipata alama zote. Lakini sijamsikia mwanafunzi wala mhadhiri akiuliza swali linalofuata. Mgeni huyo akilima miaka thelathini, mikono ikachoka, akamrudishia mwenyeji jembe lake, anakuwa nani?

Jibu la sheria zetu za Afrika Mashariki ni kwamba anakuwa mgeni tena. Nimeandika insha hii kulipinga jibu hilo. Siandiki kwa niaba ya matajiri wanaojenga nyumba kando ya bahari. Naandika kwa sababu ya babu yangu, na kwa sababu ya maelfu ya wazee kama yeye waliovuka mipaka yetu wakiwa vijana wenye nguvu na sasa wanaambiwa warudi "kwao", mahali ambapo hawajaishi tangu wazazi wetu hawajazaliwa.

Babu alizaliwa mwaka 1950 katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Mwaka 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, alivuka mpaka wa Malaba akiwa na cheti cha ualimu na begi moja. Hakuwa peke yake. Katika miaka ile walimu wengi wa Uganda walikwenda kufundisha Kenya, na watu wazima wa Kenya bado wanawakumbuka walimu wao wa hisabati na sayansi waliotoka upande wetu. Babu alifundisha hisabati katika shule nne za magharibi mwa Kenya, ya mwisho ikiwa ya binafsi karibu na mji wa Kitale. Kila kibali cha kazi kilipokaribia kuisha kilihuishwa. Alilipa kodi, alikatwa michango, na hakuwahi kukaa siku moja bila karatasi halali. Alistaafu Desemba 2010, baada ya miaka 33.

Mwaka huo wa 2010 ulikuwa mwaka wa sherehe. Tarehe 1 Julai Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika. Tarehe 27 Agosti Kenya ilitangaza katiba yake mpya. Redioni walisema kwamba sasa Mwafrika Mashariki ataishi popote ndani ya Jumuiya. Babu aliyasikia hayo akiwa anahesabu miezi ya mwisho ya kibali chake, na akaamini kwamba bahati imemwangukia. Kumbe itifaki ile haikumhusu.

Nimeisoma mara tatu ili nisimsingizie mtu. Kifungu cha 10 kinampa mfanyakazi uhuru wa kwenda nchi nyingine mwanachama na kukaa huko kwa ajili ya kazi. Kifungu cha 13 kinampa haki kama hiyo mtu anayejiajiri au kuanzisha biashara. Kisha kinakuja kifungu cha 14, ambacho ndicho kinachozungumzia haki ya ukaazi. Hapo ndipo penye mtego. Ukaazi wanaohakikishiwa ni wa watu walioingia kwa mujibu wa vifungu vya 10 na 13, yaani mfanyakazi na anayejiajiri, pamoja na mwenzi, mtoto na mtegemezi wake. Kuhusu ukaazi wa kudumu, kifungu hichohicho kinasema kwamba jambo hilo litaamuliwa na sera na sheria za kila nchi. Mstaafu hatajwi. Siku aliyoacha kazi, babu alitoka katika maneno ya itifaki kama mtu anayetoka chumbani, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Mtu anaweza kusema: lakini mtegemezi ametajwa, basi mzee aishi Kenya kama mtegemezi wa mwanawe. Watoto wa babu wote wanafanya kazi Uganda. Na hata kama mmoja wao angekuwa na kazi Kitale, tafakari maana yake. Mtu aliyefundisha watoto wa nchi ile kwa miaka 33 angeruhusiwa kubaki kwa sababu ya miaka miwili ya kazi ya kijana wake. Kazi yake mwenyewe isingehesabika. Angeingizwa nchini kama mzigo wa msafiri mwingine.

Kwa hiyo tangu mwaka 2011 babu anaishi Kitale kama mtalii. Raia wa Jumuiya huruhusiwa kuingia nchi nyingine mwanachama kama mgeni na kupewa pasi ya hadi miezi sita bila malipo. Kabla miezi sita haijaisha, babu hupanda matatu hadi Malaba, huvuka, hulala Tororo kwa siku chache, kisha hurudi na kupewa miezi sita mingine. Ana miaka 75 na ana ugonjwa wa presha. Safari moja alihudumiwa na afisa kijana aliyemtazama mara mbili, akasimama na kusema, "Shikamoo, Mwalimu!" Alikuwa amefundishwa naye darasa la saba. Walizungumza kuhusu shule, wakacheka, kisha kijana yule akagonga muhuri wa mgeni, kwa kuwa hakuwa na muhuri mwingine wa kumgongea mwalimu wake. Simlaumu. Ninawalaumu walioandika sheria ambayo haikumwachia mtoto yule nafasi ya kumtambua mtu aliyemfundisha kuhesabu.

Tuje kwenye nyumba, kwa kuwa mzee halali juu ya pasi ya kusafiria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Miaka 99 inamtosha mzee yeyote. Tatizo la babu ni la zamani zaidi. Pembezoni mwa Kitale ni eneo la mashamba, na sheria ya Kenya ya udhibiti wa ardhi inaitaka bodi ya ardhi ikatae kutoa idhini pale shamba linapokwenda kwa mtu asiye raia, isipokuwa akipata msamaha maalumu kutoka ngazi ya juu kabisa. Mwalimu wa hisabati haombi msamaha wa rais kwa robo eka. Mwaka 1994 alifanya kama walivyofanya wengi: alinunua robo eka hiyo kwa jina la mwalimu mwenzake Mkenya, rafiki wa kweli, wakaandikiana karatasi mbele ya wazee wawili. Alijenga vyumba vitatu, akapanda miparachichi na mgomba.

Rafiki yake alifariki mwaka 2019. Miaka miwili baadaye wanawe walikuja na mpimaji. Ni watu wema na wanamheshimu babu. Mkubwa wao alimwambia, "Wewe kaa tu, Mwalimu, mpaka..." Hakuimaliza sentensi yake. Tangu siku hiyo babu anaishi ndani ya neno hilo moja, ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua lina maana mbili, na kwake maana zote mbili ni sahihi.

Mtu atasema alivunja sheria na sasa anavuna alichopanda. Nakubali kwamba alikosea. Lakini mtu anayelea familia mahali kwa miaka 33 lazima alale mahali fulani, na sheria inayomruhusu kufanya kazi nusu ya maisha yake bila kumpa njia nyepesi ya kuwa na kitanda chake inatengeneza karatasi za siri kila siku. Itifaki ingeweza kusaidia hapa. Badala yake kifungu cha 15 kinasema kwa maneno mafupi kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi yatafuata sera na sheria za kila nchi. Yaani soko ni la pamoja, lakini mahali pa kulaza kichwa si pa pamoja.

Wala sisi Waganda tusijione wasafi. Katiba yetu ya mwaka 1995 nayo inampa asiye raia haki ya kukodi ardhi tu. Anayetaka uraia wetu wa kuandikishwa lazima awe ameishi nchini kwa jumla ya miaka 20. Tanzania, kwa sheria yake ya ardhi ya mwaka 1999, haimgawii asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Mwalimu Mkenya aliyezeekea Jinja na fundi Mrundi aliyezeekea Kigoma wako katika mashua moja na babu yangu. Shutuma zangu zinahusu nyumba zetu zote.

Jambo la tatu ni fedha na afya. Babu alipostaafu alilipwa kiinua mgongo kidogo na michango yake ya hifadhi ya jamii kwa mkupuo. Fedha zile ziliezeka nyumba upya na kumsomesha mjomba wangu. Pensheni ya kila mwezi hana. Sasa tazama anavyoangukia katikati ya viti viwili. Kenya ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni kwa raia. Uganda ina ruzuku ya wazee ya shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, na mpango huo uliposambazwa nchi nzima umri uliowekwa ulikuwa miaka 80. Ili uipate lazima uwe na kitambulisho cha taifa na uandikishwe unapoishi. Uandikishaji mkubwa wa vitambulisho vya Uganda ulifanyika mwaka 2014, babu akiwa Kitale. Alipokwenda kukitafuta baadaye, ilibidi wazee watatu wa kijiji waapishwe kwamba wanamjua. Wawili kati yao walimkumbuka baba yake tu. Leo kitambulisho anacho, lakini kijijini hayupo.

Kwa upande wa afya, sheria mpya ya Kenya ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023 inamruhusu mgeni aliye mkaazi kujiandikisha. Anayekuja kwa muda usiozidi miezi 12 anatakiwa awe na bima ya msafiri. Hilo ni jambo jema, ila turudi kwenye swali letu: mkaazi ni nani? Babu alipokwenda kujiandikisha aliulizwa kibali cha ukaazi. Akatoa pasi ya miezi sita. Alirudishiwa kwa heshima. Tangu hapo hununua dawa za presha kwa fedha taslimu, na mwezi ambao fedha haitoshi humeza kidonge kimoja badala ya viwili. Aliyenieleza hayo ni binamu yangu anayeishi naye. Babu mwenyewe hasemi.

Na hapa kuna jambo linalonikera kuliko yote. Itifaki ililiona tatizo hili. Kifungu cha 10 kinataja haki ya mfanyakazi ya kupata mafao ya hifadhi ya jamii sawa na wafanyakazi wa nchi mwenyeji, kisha kinaliagiza Baraza la Mawaziri litoe maelekezo na kutunga kanuni kuhusu mafao hayo. Walijua kwamba mfanyakazi atazeeka. Waliandika kwamba watalishughulikia. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Sasa niko chuo kikuu, na mzee aliyechangia katika nchi moja na kuzeeka kati ya mbili bado anabeba karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki kutoka dirisha hadi dirisha.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana nimewasikia darasani na hoja zao si za kipuuzi.

Wa kwanza husema: kila nchi ina wazee wake na haijawamaliza, itawezaje kubeba wa jirani? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama babu angekuja Kenya akiwa na miaka 70. Alikuja na miaka 27. Uganda ndiyo iliyogharimia utoto wake na masomo yake, Kenya ikapokea mwalimu aliyekamilika. Kodi yake ilibaki Kenya. Watu waliopita mikononi mwake leo ni wahasibu, wauguzi na maafisa wa uhamiaji wa Kenya. Akidai dawa za presha haombi sadaka, anadai sehemu ya ghala alilosaidia kulijaza. Na kumbuka kwamba mizani hii inaweza kugeuka upande wowote: vijana wa Kenya wanafanya kazi Kampala na Kigali leo, nao watazeeka.

Wa pili husema: kwa nini hakuchukua uraia? Swali hili huulizwa na watu wa umri wangu, waliokua wakati uraia wa nchi mbili ni jambo la kawaida. Katika miaka yote ya kazi ya babu, Kenya haikukubali mtu mzima awe raia wa nchi mbili. Mlango huo ulifunguliwa na katiba ya mwaka 2010. Uganda ilibadili katiba yake mwaka 2005 na kutunga sheria ya utekelezaji mwaka 2009. Kabla ya hapo, kuwa Mkenya kungekuwa kuikana Uganda, ambako mama yake alikuwa hai na ardhi ya ukoo ilikuwa ikimsubiri. Mlango ulipofunguliwa, yeye alikuwa anastaafu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo, aweze kuzungumza Kiswahili au lugha ya wenyeji, na awe ametoa au anaweza kutoa mchango wa maana kwa nchi. Kiswahili anacho kuliko wengi wetu tunaokisomea shahada. Mchango anao. Lakini pasi za miezi sita haziungani kuwa miaka saba, na mzee asiye na ajira huulizwa atachangia nini, kana kwamba alichokwisha kukichangia kimeoza.

Wa tatu husema: njia ya mstaafu ipo, mbona Wazungu wanaishi Malindi, Watamu na Diani? Ni kweli, ipo. Kanuni za uhamiaji za Kenya za mwaka 2012 ziliweka kibali cha daraja la K kwa mtu wa miaka 35 na zaidi ambaye hatafanya kazi, mradi ana kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Sina ugomvi na Mwitaliano mzee anayenywa kahawa yake Malindi. Naye ana matatizo yake ya kibali na ya upangaji wa ardhi, na namtakia uzee mwema. Lakini tazama kilichotokea. Mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi Kenya hata siku moja ana mlango, kwa kuwa pensheni ya kwao ni kubwa. Mtu aliyefanya kazi Kenya kwa miaka 33 hana, kwa kuwa mshahara aliolipwa na Kenya haukuweza kamwe kuzaa dola 24,000 kwa mwaka. Umaskini alioupatia hapo hapo ndio unaotumika kumfukuzia.

Wa nne, ambaye ndiye mgumu, husema: mzee arudi kwao, huo ndio utamaduni wetu Waafrika, mtu huzeeka penye makaburi ya wazee wake. Hili ningelipokea kimyakimya kama nisingemzika bibi. Bibi alifariki Kitale mwaka 2020. Alitaka azikwe chini ya mparachichi alioupanda. Lakini kiwanja hakikuwa na jina la babu, na familia iliogopa kuzika katika ardhi inayoweza kudaiwa kesho. Basi tulimsafirisha kupitia Malaba na vyeti vyake, tukamzika Tororo, katikati ya watu waliomwona mara chache. Majirani wa Kitale waliomuuguza hawakuweza kuvuka, kwa sababu mpaka ulikuwa na masharti ya korona. Kaburini, shemeji mmoja alimsogelea babu na kumuuliza kwa upole, "Sasa umerudi nyumbani, sivyo?" Babu alimjibu kwa Kiswahili bila kujijua, na vijana wakacheka, maana katika kijiji chetu Kiswahili bado ni lugha ya askari. Mtu huyo kwao ni wapi? Mnaosema arudi kwao, nionyesheni mahali penyewe, nami nitambebea begi.

Kinachonishangaza ni kwamba wengine wameshalijibu swali hili bila dunia kuanguka. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2004 kuhusu raia wa umoja huo na familia zao inamruhusu mtu asiyefanya kazi kuishi nchi nyingine mwanachama ikiwa ana kipato cha kumtosha na bima ya afya. Akiishi kihalali miaka mitano mfululizo, anapata ukaazi wa kudumu. Na mfanyakazi anayefikia umri wa pensheni akiwa huko, baada ya kukaa zaidi ya miaka mitatu na kufanya kazi angalau miezi 12 ya mwisho, hupata ukaazi wa kudumu hata kabla ya kutimiza hiyo mitano. Miaka mitatu, ndugu zangu. Babu alikuwa na 33. Sisemi tuige kila kitu cha Ulaya, nasema tu kwamba waandishi wa sheria ile walikumbuka kwamba mfanyakazi ana mwili.

Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 unataja miongoni mwa misingi yake ushirikiano unaowalenga watu na unaoongozwa na soko. Kwa babu yangu vitu hivyo viwili viligeuka kuwa kimoja. Alipotoka sokoni, alitolewa pia katika hesabu ya watu.

Nataka nini basi? Ninataka mambo matatu ambayo si makubwa. Kwanza, kifungu cha 14 kirekebishwe ili mstaafu atajwe kwa jina lake: raia wa Jumuiya aliyefanya kazi kihalali katika nchi mwanachama kwa, tuseme, miaka kumi, awe na haki ya kubaki humo maisha yake yote, yeye na mwenzi wake, bila masharti ya dola. Pili, kanuni za hifadhi ya jamii zilizoahidiwa katika kifungu cha 10 zitekelezwe kwa mtu wa kawaida: michango ya nchi mbalimbali ihesabiwe pamoja, mafao yalipwe popote mzee anapoishi, na kuwa mkaazi kwa ajili ya bima ya afya kuthibitishwe kwa miaka ya kazi. Tatu, mstaafu huyo aruhusiwe kukodi kwa jina lake mwenyewe kiwanja kimoja cha makazi kwa muda wa uhai wake na wa mwenzi wake, hata katika eneo la mashamba. Ardhi haitaondoka mikononi mwa taifa. Mzee ndiye atakayeondoka, kwa wakati wake.

Na kwetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nina neno. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili kinaunganisha Afrika Mashariki. Tunakisema katika kila kongamano na kupiga makofi. Lakini je, nani kati yetu amewahi kukaa na mzee na kumfafanulia kifungu cha 14 kwa Kiswahili anachokielewa? Babu aliishi miaka minane akiamini kwamba itifaki inamlinda, kwa sababu aliisikia kwenye redio na hakuna aliyemsomea. Mimi ndiye niliyemwambia ukweli, nikiwa likizo baada ya mwaka wa kwanza, na ninajutia namna nilivyomwambia, kama mtu anayejivunia somo jipya. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hawakutuandika?"

Mwezi wa saba uliopita nilimsindikiza Malaba. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo nilimjazia karatasi. Penye jina niliandika jina. Penye madhumuni ya safari niliandika: anarudi nyumbani. Afisa aliisoma, akatabasamu, akalikata neno langu kwa kalamu na kuandika juu yake: matembezi.

Katika mtihani wa mwaka wa kwanza ujao, ninaomba methali ile itungiwe swali jipya. Msimuulize mwanafunzi kwa nini mgeni hupewa jembe. Mwulizeni anayelirudisha anapewa nini.